Barua ya wazi: Tunaomba nafasi ya misingi ya hisabati Lubumbashi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu ya Juu na ya Vyuo Vikuu, Kinshasa;
Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Haut-Katanga;
Kwa Waheshimiwa wakuu wa vyuo na wa fakulte za sayansi, Lubumbashi.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari, na pia ni asistenti (mwalimu msaidizi) wa chuo, mmoja wa wale wanaongoja majina yao yatokee kwenye orodha ya mshahara wa Serikali. Barua hii haihusu mshahara huo. Wenzangu wamekwisha kuusemea. Inahusu tawi moja la elimu ambalo katika mji wetu linazidi kukauka, na kulinyeshea hakuhitaji fedha nyingi: mantiki, nadharia ya seti, na utafiti juu ya misingi ya hisabati yenyewe.

Ombi langu kubwa nalitanguliza, ili asiye na muda wa kusoma hadi mwisho awe amelipata. Mwanafunzi wa hisabati asilazimishwe kuonyesha faida ya vitendo ya kazi yake ya mwisho ndipo aruhusiwe kuiandika.

Nieleze lilikotoka. Katika chuo kimoja cha hapa kuna fomu inayojazwa kabla ya mwanafunzi kuanza kazi yake ya mwisho. Jina, promosheni, direkteri, kichwa cha kazi. Halafu kuna sehemu inayouliza: kazi hii ina faida gani ya vitendo kwa jimbo na kwa nchi? Kijana mmoja wa Katuba, komini ya mji wetu, niliyekuwa ninamsaidia alichagua kuandika juu ya swali la Whitehead, na pale kwenye faida akaandika ukweli wake: kuelewa ni maswali gani ambayo hisabati tuliyonayo haiwezi kuyajibu. Fomu ikarudi. Chini ya mstari ule paliandikwa kwa wino mwekundu neno moja tu, "Badilisha." Akabadilisha. Akaandika takwimu za uzalishaji wa shaba, akatetea mbele ya juri, akapata alama nzuri, na hadi leo hajaligusa tena swali lake.

Sina neno baya juu ya takwimu za shaba. Lubumbashi imezaliwa na shaba na inaishi kwa shaba na kobalti, na wanaohesabu vizuri mali ya nchi wanatakiwa wawepo. Ninacholilia ni kwamba kijana yule alikuwa ameshika jambo zito, na hakuna mtu kwenye meza ile aliyemwuliza ni jambo gani.

Ni hili. J. H. C. Whitehead, Mwingereza, aliuliza swali katika aljebra ya makundi, swali la kawaida kabisa kwa watu wa aljebra, lisilotaja mantiki wala seti. Watu wakalihangaikia miaka mingi. Mwaka 1974 Saharon Shelah akaonyesha kwamba kwa aksiomu tunazozitumia sote, yaani kauli za msingi zinazokubaliwa bila uthibitisho, swali lile haliwezi kuthibitishwa na haliwezi kukanushwa. Ukiongeza aksiomu moja jibu ni ndiyo. Ukiongeza nyingine jibu ni hapana. Watu waliokuwa wakifanya kazi yao mbali kabisa na misingi wakakuta kwamba msingi ndio uliokuwa unawazuia. Mwanafunzi wa miaka 23 akitaka kuelewa jambo la namna hiyo, mahali pake pa kulifanyia ni wapi kama si chuo kikuu?

Nimesikia mara nyingi hoja kwamba utafiti wa aina hii ni wa nchi tajiri na miji mikubwa. Tuangalie ulikoanzia. Georg Cantor, aliyeanzisha nadharia ya seti, alifundisha Halle karibu maisha yake yote. Wakubwa wa hisabati ya Ujerumani walikuwa Berlin na Göttingen. Cantor alitamani kiti cha Berlin, hakukipata kamwe, na Leopold Kronecker wa huko huko Berlin alimpinga vikali. Akiwa Halle, mwishoni mwa 1873, alimwandikia rafiki yake Richard Dedekind kwamba namba halisi (zote za kwenye mstari wa namba, hata zenye desimali zisizokwisha) haziwezi kupangwa kwenye orodha ya kwanza, ya pili, ya tatu, hata orodha hiyo ikiwa haina mwisho. Makala yake ikachapishwa 1874. Yaani kuna ukubwa mmoja usio na mwisho unaoshinda ukubwa mwingine usio na mwisho. Jambo hilo lilithibitishwa kwa kalamu na karatasi.

Mwaka 1891 Cantor alitoa uthibitisho mwingine, mfupi zaidi, na huo mimi nimeufundisha Katuba jioni umeme ukiwa umekatwa, tochi ya simu ikimulika ubao. Naomba mniruhusu niuweke hapa, maana anayeamua kama jambo lina thamani anastahili kuliona kwa macho yake.

Andika mstari usiokwisha wa sifuri na moja. Chini yake andika mwingine, na mwingine, na udai kwamba orodha yako imeimaliza mistari yote ya namna hiyo. Mimi natunga mstari wangu. Nafasi ya kwanza naweka kinyume cha tarakimu ya kwanza ya mstari wako wa kwanza: ukiweka 0 naweka 1. Nafasi ya pili naweka kinyume cha tarakimu ya pili ya mstari wako wa pili. Ya tatu kinyume cha ya tatu ya mstari wa tatu, nikishuka hivyo mshazari bila kukoma. Mstari wangu unatofautiana na kila mstari wako angalau mahali pamoja. Kwa hiyo haumo kwenye orodha yako, ingawa ulisema imemaliza yote.

Siku ile msichana mmoja wa mwaka wa tano alikataa. "Mwalimu, si tuuongeze tu hapo juu, basi?" Nikamwambia auongeze. Akauandika juu kabisa, akarudi nyuma, akautazama ubao. Halafu akachukua chaki mwenyewe akaanza kushuka mshazari kwenye orodha mpya, tarakimu moja moja, akigeuza. Alipofika ya sita akasimama: "Kwa hiyo kosa si la orodha yangu. Ni orodha yoyote ile." Hakuna aliyemweleza sentensi hiyo. Aliifikia mwenyewe, na kufikia sentensi kama hiyo ndiyo kazi yote ya mtafiti wa hisabati. Sasa ninajiuliza: akipata Exetat yake, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, na kuingia chuoni, atakutana na nani wa kumpeleka mbele zaidi? Jibu la leo ni hakuna. Kozi ya mantiki, pale inapokuwapo, hupitishwa haraka haraka mwaka wa kwanza na haitajwi tena.

Na mbele yake kuna mengi. Mwaka 1878 Cantor alidhani kwamba kati ya ukubwa wa namba za kuhesabia na ukubwa wa namba halisi hakuna ukubwa wa kati. Hakuweza kuthibitisha. David Hilbert alipowasomea wanahisabati huko Paris mwaka 1900 maswali makubwa ya karne inayoanza, hilo aliliweka la kwanza. Mwaka 1938 Kurt Gödel alionyesha kwamba aksiomu za kawaida haziwezi kulikanusha dhanio la Cantor. Mwaka 1963 Paul Cohen akaonyesha kwamba haziwezi kulithibitisha pia, kwa mbinu mpya aliyoiita fosingi, akapewa Medali ya Fields, tuzo kubwa ya wanahisabati, mwaka 1966. Cohen hakulelewa katika mantiki. Alitoka kwenye uchanganuzi, tawi jingine la hisabati. Nalitaja hilo kwa makusudi, kwa sababu huku kwetu mtu huambiwa kwamba akishaingia idara fulani hana ruhusa ya kuuliza maswali ya idara nyingine.

Kuna wanaodhani habari iliishia kwa Cohen. Haikuishia hapo, na mimi nafikiri miaka hii ndiyo mitamu zaidi. Swali limegeuka: kama aksiomu za kawaida hazitoshi, tuongeze ipi, na kwa sababu gani? Kulikuwa na wagombea wawili walioheshimiwa, yaani aksiomu mbili, waliotoka pande tofauti kabisa, na wote wawili walikuwa wakisema kwamba dhanio la Cantor si kweli, kwamba kati ya zile saizi mbili ipo moja, na ni moja tu. Watu walibishana miaka kadhaa kama wagombea hao wanaweza hata kukaa pamoja. Mwaka 2021 David Asperó na Ralf Schindler walichapisha uthibitisho kwamba mmoja, katika umbo lake lenye nguvu, anamzaa mwingine: ukimkubali wa kwanza, wa pili anafuata. Watu wawili walifanya kazi hiyo, bila maabara na bila mashine ya mamilioni. Wapo wanaopinga njia hiyo nzima, na mabishano yanaendelea leo hii ninapoandika. Lubumbashi haina hata mtu mmoja ndani ya mabishano hayo, na akili hatujakosa.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu mwaka huu, maana limebadilisha nani anaruhusiwa kuingia.

Alan Turing, mwaka 1936, alieleza mashine ya kufikirika: utepe mrefu, kichwa kinachosoma na kuandika alama, na idadi ndogo ya hali zinazoiambia ifanye nini. Alikuwa anajibu swali la Hilbert la mwaka 1928: je, ipo njia ya kimashine ya kuamua kama sentensi yoyote ya hisabati inathibitika? Turing alijibu haipo, na Alonzo Church alifikia jibu hilo hilo mwaka huo huo. Kompyuta za umeme hazikuwapo bado. Kompyuta ya leo, na simu iliyo mfukoni mwa kila mmoja wetu katika soko la Kenya hapa Lubumbashi, zinafuata mpango ule. Wanaodai faida ya vitendo wangemrudishia Turing fomu yake na wino mwekundu juu yake. Ila sipendi kuiegemea sana hoja hii. Sehemu kubwa ya utafiti wa misingi haitazaa mashine yoyote, na bado ninauombea nafasi, kwa sababu unatuambia kilicho kweli na mpaka wa tunachoweza kukijua.

Chukua basi mashine za Turing zenye hali 5 na alama mbili, zianze na utepe mtupu. Nyingine husimama, nyingine hazisimami milele. Kati ya zinazosimama, ipi huenda hatua nyingi kuliko zote? Mwaka 1989 Heiner Marxen na Jürgen Buntrock waligundua moja inayosimama baada ya hatua 47,176,870. Je, ipo inayoishinda? Ilibidi kuzichunguza mashine nyingine zote, mamilioni kwa mamilioni, na kuthibitisha kwa kila iliyobaki kwamba haitasimama kamwe. Mwaka 2024 kazi ikaisha: haipo. Waliofanya hivyo ni kundi la watu waliotawanyika duniani, lililoanzishwa na Tristan Stérin mwaka 2022, wengi wao wasio na cheo chochote cha chuo. Mmoja wa waliofanya sehemu kubwa ya mwisho anajulikana kwa jina la bandia tu. Uthibitisho wao uliandikwa katika Coq, programu inayokagua kila hatua ya uthibitisho na kukataa iliyo na pengo.

Na hapo ndipo misingi inaporudi. Kwa upande wa juu imeshaundwa mashine yenye hali 745 ambayo aksiomu za kawaida za nadharia ya seti, kama hazijipingi zenyewe, haziwezi kuthibitisha kwamba haitasimama. Hali 5 tumeziweza. Hali 745 aksiomu zetu haziwezi. Mahali fulani katikati pana mpaka wa hisabati ya binadamu, na hakuna anayejua uko wapi. Hata hali 6 tu bado zinawashinda wote. Nikiwaeleza wanafunzi hili, darasa lote hunyamaza, halafu maswali yanaanza kumiminika hadi mlinzi anakuja kufunga mlango.

Tazameni, Waheshimiwa, maana yake kwetu. Coq (sasa inaitwa Rocq), Lean na programu nyingine kama hizo ni za bure. Haziulizi diploma, viza, wala rangi ya pasipoti. Uthibitisho ukipita, umepita, hata uwe umetoka Kamalondo hapa mjini. Makala mapya ya nadharia ya seti yanawekwa kwenye arXiv, hazina ya wazi iliyoanza mwaka 1991, na kuyasoma ni bure. Milango iliyomfungia baba yangu haimfungii mdogo wangu. Kinachomfungia ni umeme unaokatika, mega za intaneti za kununua siku kwa siku, kukosa mtu wa kumwongoza, na ile fomu.

Ndiyo maana naomba pia chumba. Kimoja, katika chuo chochote cha umma cha mji huu: paneli za jua na betri, kompyuta chache, intaneti isiyokatika, ubao mkubwa, na ufunguo ulio mikononi mwa mtu anayefika. Semina ya kila wiki, wazi kwa wanafunzi wa vyuo vyote, walimu wa sekondari, na yeyote anayeweza kufuata. Vyuo pia vijiandikishe Research4Life, inayozifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kulipia. Hilo ni suala la kujaza maombi na kuyafuatilia.

Kozi nazo. Tangu 2021 vyuo vyetu vinahamia mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora), na mipango ya masomo inaandikwa upya. Nafasi ya kuingiza mantiki na nadharia ya seti katika lisansi, na misingi ya hisabati katika masta, ipo sasa hivi. Ikishafungwa, tutangoja miaka. Tukikosa profesa wa hapa, waruhusuni maprofesa wa mbali waongoze tasnifu kwa pamoja na wa kwetu. Afrika Kusini walifungua Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati karibu na Cape Town mwaka 2003, na Senegal, Ghana, Kameruni na wengine wakafuata. Kongo bado.

Kuhusu fedha, najua mtaniambia Mashariki kuna vita, walimu wa msingi hawajalipwa vizuri, barabara zimekatika. Ni kweli yote, na siombi senti ya hao. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inatenga asilimia 10 ya mrabaha wa madini kwa mfuko wa vizazi vijavyo na asilimia 25 kwa jimbo yanakochimbwa, na inazidai kampuni angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Kobalti inayopita kwenye malori ya barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, itakwisha siku moja. Chumba ninachokiomba, ukikipima na fedha hizo, ni kidogo mno kiasi kwamba naona haya kukitajia asilimia.

Na tunapenda, sote, kuutaja mfupa wa Ishango. Mbelgiji Jean de Heinzelin aliufukua mwaka 1950 pembeni ya Ziwa Edward, ndani ya nchi yetu. Una umri wa miaka ipatayo 20,000, na una alama zilizochongwa kwa mafungu ambazo wataalamu hadi leo wanabishana maana yake. Mfupa wenyewe uko Brussels. Sipingi kuutaja. Ila mtoto anayesikia kwamba mababu walihesabu kabla ya wengi ana haki ya kupata mahali pa kuendeleza hesabu hiyo akiwa hai, katika mji wake.

Kamati za kupitisha vichwa vya kazi hukaa mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Kuondoa kifungu kile kwenye fomu kunahitaji saini ya mkuu wa fakulte tu. Bajeti haihitajiki, wala sheria mpya. Naomba liamuliwe kabla ya vikao hivyo, na kwamba waliowahi kurudishiwa vichwa vyao waruhusiwe kuviwasilisha tena katika masta. Kuhusu chumba na kozi, walimu tunaoshirikiana tumeandaa mpango wa masomo wa mihula miwili na orodha ya vifaa, na tutakuja kueleza mbele ya ofisi yoyote itakayotuita, Lubumbashi au Kinshasa.

Kwa heshima,

Mwalimu wa hisabati na asistenti,
Katuba, Lubumbashi